Uzi: Mlipuko wa nyota haurushi miale ya kosmiki, wimbi la mshtuko ndilo linaloikuza, kidogo kidogo, kwa karne nyingi

Mleta uzi

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Katika mijadala yetu ya sayansi hurudiwa sana maelezo kwamba nyota kubwa ikilipuka hutema miale ya kosmiki pande zote, na miale hiyo husafiri hadi ikatufikia sisi. Maelezo hayo hayajakosea kuitaja nyota iliyolipuka, lakini yanaruka sehemu muhimu kuliko zote, yaani namna chembe moja ndogo inavyopata nishati kubwa kiasi kile. Nimefungua uzi huu ili tuijadili sehemu hiyo kwa utulivu.

Miale ya kosmiki ni chembe zenye chaji ya umeme. Takriban asilimia 90 ni protoni, asilimia 9 ni viini vya heliamu, na zilizobaki ni viini vizito zaidi pamoja na elektroni. Victor Hess alionyesha kwamba zinatoka nje ya Dunia alipopaa kwa puto tarehe 7 Agosti 1912 hadi zaidi ya mita 5,000, akakuta mnururisho ukiongezeka kadiri alivyopanda badala ya kupungua. Mwaka 1934 Walter Baade na Fritz Zwicky walipendekeza kwamba chanzo chake ni supanova, yaani mlipuko wa nyota. Hesabu ya nishati iliwaunga mkono na inaendelea kuwaunga mkono: supanova moja hutoa takriban jouli 10⁴⁴ kama nishati ya mwendo, katika galaksi yetu hulipuka mbili au tatu kwa karne, na asilimia 10 hivi ya nishati hiyo inatosha kuijaza galaksi miale tunayoipima.

Nishati ikitosha, swali linabaki: inaingiaje katika chembe chache mno, huku chembe nyingine zote zikibaki na joto la kawaida tu? Kama mlipuko wenyewe ndio ungekuwa umezirusha chembe hizo, zingebanwa ndani ya gesi inayotanuka na kupoteza nishati yao kwa kuisukuma gesi hiyo, zikatoka dhaifu. Upo pia ushahidi wa kikemia ambao mimi binafsi nauona wa thamani kubwa. Setilaiti ya ACE, iliyorushwa mwaka 1997, ilipima nikeli-59 katika miale ya kosmiki. Kiini hiki huzaliwa ndani ya supanova na huoza kwa kumeza elektroni yake mwenyewe, nusu-uhai wake ukiwa miaka 76,000 hivi. Kikishapewa kasi kubwa kinavuliwa elektroni zote, hivyo hakiwezi kuoza tena. Vipimo vilionyesha kwamba nikeli-59 ilikuwa imeshaoza karibu yote na kugeuka kobalti-59, maana yake mata hiyo ilikaa bila kuharakishwa kwa miaka isiyopungua takriban 100,000 tangu ilipotengenezwa. Kwa hiyo miale tunayoipokea haikutoka moja kwa moja tumboni mwa nyota iliyolipuka. Kwa sehemu kubwa ni mata ya zamani iliyokuwa imetulia angani, ikapitiwa na wimbi la mshtuko la mlipuko mwingine, yaani ukingo wa gesi iliyobanwa ghafla unaosafiri kwa kasi kuliko sauti.

Enrico Fermi ndiye aliyefungua njia mwaka 1949. Alisema kwamba chembe ikigonga wingu lenye uga wa sumaku linalokuja upande wake, hurudi na nishati zaidi. Ikigonga wingu linalokimbia kwenda mbali nayo, hurudi na nishati pungufu. Kwa kuwa migongano ya uso kwa uso hutokea mara nyingi kidogo kuliko ile ya kufukuzana, mwishowe chembe hupata faida. Tatizo ni kwamba faida hiyo inategemea mraba wa uwiano wa kasi ya wingu kwa kasi ya mwanga, na mawingu ya angani huenda kilomita makumi tu kwa sekunde, kwa hiyo faida ni ndogo mno.

Mwaka 1977 na 1978 watafiti waliofanya kazi mbalimbali wakafikia jibu lilelile karibu kwa wakati mmoja: Germogen Krymsky huko Yakutsk, Ian Axford na wenzake, Anthony Bell huko Cambridge, na Roger Blandford pamoja na Jeremiah Ostriker. Walitambua kwamba penye wimbi la mshtuko hakuna migongano ya kufukuzana hata mmoja. Naomba tulitazame jambo hili kwa karibu, kwa sababu ndilo kiini cha uzi.

Chukulia wimbi linalosafiri kwa kilomita 5,000 kwa sekunde. Wimbi lenye nguvu huibana gesi mara nne, na gesi iliyopitiwa nalo husukumwa mbele kwa robo tatu ya kasi ya wimbi. Chembe iliyoko upande wa mbele, ambako wimbi halijafika, inaiona gesi ya nyuma ikiijia kwa kilomita 3,750 kwa sekunde. Ikivuka kwenda nyuma na kutulizwa na uga wa sumaku wa huko, itaiona gesi ya mbele nayo ikiijia kwa kilomita 3,750 zilezile. Upande wowote iliko, upande wa pili unakuja kwake. Ni sawa na mpira unaodunda kati ya kuta mbili zinazosogeleana: kila pigo linaongeza na hakuna linalopunguza.

Kwa chembe ambayo tayari inakaribia kasi ya mwanga, kwenda na kurudi mara moja huongeza nishati kwa uwiano wa kasi ya wimbi kwa kasi ya mwanga, yaani 1/60 katika mfano wetu. Na katika kila mzunguko kuna uwezekano kwamba chembe itachukuliwa na gesi ya nyuma isirudi tena; ukiupigia hesabu, uwezekano huo nao unatoka 1/60. Baada ya mizunguko 42 hivi, nishati ya chembe zilizosalia imeongezeka mara mbili, na chembe zilizosalia zimebaki nusu. Mizunguko 42 mingine, nishati mara nne, chembe robo. Ukiendelea hadi mizunguko 830 hivi, chembe moja kati ya milioni imebaki, lakini nishati yake imezidi ile ya mwanzo mara milioni.

Kwa kuwa faida na hasara ni namba ileile, kasi ya wimbi inajifuta yenyewe katika jibu la mwisho. Wimbi la kasi au la polepole, ilimradi lina nguvu, hutoa mgawanyo uleule: jumla ya chembe zinazozidi nishati fulani hupungua kwa kipeo cha hasi 1, kama mfano ulivyoonyesha, na idadi ya chembe katika kila kipande sawa cha nishati hupungua kwa kipeo cha hasi 2 cha nishati. Ndiyo maana mawimbi yasiyofanana kabisa, katika mabaki ya nyota tofauti na ya umri tofauti, yanaweza kuchangia mgawanyo mmoja ulionyooka ambao vifaa vyetu huuona. Kwangu hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika nadharia hii.

Mchangiaji wa kwanza

Nashukuru kwa uzi, ndugu mleta mada. Ninafundisha fizikia sekondari na nina maswali mawili ambayo nikiyaacha hapa najua wanafunzi wangu watanirudia nayo. La kwanza, tunawafundisha vijana kwamba kani ya sumaku huukata mwendo wa chembe kwa pembe mraba, kwa hiyo haifanyi kazi yoyote wala haibadilishi nishati. Sasa hapa uga wa sumaku unaongezaje nishati? La pili, wimbi la mshtuko tunalolijua, kama lile la ndege inayopita kasi ya sauti, linatokana na molekuli kugongana. Anga za juu zina chembe moja tu hivi kwa kila sentimita ya ujazo. Nani anamgonga nani huko?

Mleta uzi

Mwalimu, maswali yote mawili yamelenga penyewe.

Unachowafundisha wanafunzi ni sahihi na hakivunjwi hapa. Ukikaa pamoja na gesi ya nyuma, ukasafiri nayo, utaona chembe ikiingia na kutoka ikiwa na nishati ileile. Uga umeigeuza mwelekeo tu. Ukikaa pamoja na gesi ya mbele utaona vivyo hivyo. Faida inaonekana pale tu unapolinganisha pande zote mbili kwa kipimo kimoja, kwa sababu uga wa sumaku unaosafiri, ukitazamwa na mtu ambaye hasafiri nao, unaambatana na uga wa umeme, na uga wa umeme hufanya kazi. Nishati yenyewe inalipwa na mwendo wa gesi: kila chembe inayogeuzwa huisukuma gesi kidogo kinyume. Chembe moja haionekani, lakini zikiwa nyingi msukumo wake unaonekana, na gesi ya mbele huanza kupunguzwa mwendo kabla wimbi lenyewe halijafika. Wapo watafiti ambao wamejenga kazi yao yote juu ya athari hiyo.

Kuhusu swali la pili, jibu ni kwamba hakuna anayemgonga mwenzake. Kwa kasi za namna hii protoni ingeweza kusafiri umbali unaozidi upana wa mabaki yote ya nyota kabla haijakutana na nyingine kwa kugongana. Kinachofanya kazi ya migongano ni uga wa umeme na wa sumaku ndani ya plazma, yaani gesi ambayo chembe zake zina chaji. Protoni inayokwenda kilomita 5,000 kwa sekunde katika uga wa kawaida wa angani, ambao ni mikrogausi 3 hivi (kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku), huzunguka duara lenye nusu-kipenyo cha takriban kilomita 170,000, pungufu ya nusu ya umbali wa kutoka hapa hadi mwezini. Kwa kipimo cha mabaki ya nyota, ambayo upana wake ni miaka kadhaa ya nuru, huo ni unene wa uzi. Wimbi linaweza basi kuwa jembamba sana pasipo mgongano hata mmoja. Na kwa kuwa chembe hazigongani, zile chache zilizobahatika kupata nishati ya ziada hazilazimishwi kuigawa kwa jirani zake. Katika hewa tunayovuta jambo hilo haliwezekani, kwa sababu kila molekuli hugongana mara bilioni kadhaa kwa sekunde na joto husambaa kwa wote.

Mchangiaji wa pili

Wakuu, nimefuatilia kwa makini, lakini kuna kitu kinanisumbua. Mleta uzi amesema mizunguko 830. Chembe yenye kasi ya mwanga ikishavuka kwenda mbele, kwa nini isiende moja kwa moja isirudi tena? Kitu gani kinaigeuza mara 830 katika anga ambayo karibu ni tupu?

Mleta uzi

Ndugu, umegusa mahali ambapo nadharia hii ilikwama kwa miaka ishirini hivi.

Mwaka 1983 Pierre-Olivier Lagage na Catherine Cesarsky walipiga hesabu ya nishati ya juu kabisa ambayo wimbi la supanova linaweza kufikisha likiwa na uga wa kawaida wa angani. Walikuta takriban elektronivolti 10¹⁴ (elektronivolti ni kipimo kidogo cha nishati kinachotumika kwa chembe). Wakati huo vipimo vya duniani vilishaonyesha mgawanyo wa miale ukinyooka hadi elektronivolti 3×10¹⁵ kabla haujapinda, pale wataalamu wanapopaita goti. Sababu ya upungufu ni hiyo unayoiuliza. Protoni ya elektronivolti 10¹⁵ katika mikrogausi 3 huzunguka duara lenye nusu-kipenyo kinachozidi kidogo mwaka mmoja wa nuru, na ili igeuzwe mara mia nane ingehitaji muda na nafasi ambavyo mabaki ya nyota ya miaka mia chache hayana.

Jibu lililopatikana ni kwamba chembe zenyewe hutengeneza kinachozigeuza. Miale iliyotangulia mbele ya wimbi ni mkondo wa umeme, na mkondo huo huivuruga plazma na kuukunja uga wa sumaku uliomo. Kadiri uga unavyokunjwa ndivyo unavyozidi kuwa na nguvu, na kadiri unavyopata nguvu ndivyo unavyozizuia chembe zinazofuata zisitoroke. Bell, akiwa na Stephen Lucek, alilionyesha hilo kwa kompyuta mwaka 2000, kisha mwaka 2004 akaeleza hali mojawapo inayokua haraka kuliko zilizofahamika kabla. Kwa hiyo chembe za kwanza kuvuka hazirudi. Hupotea, lakini zimeziandalia njia zinazokuja nyuma.

Hili si la kwenye karatasi tu. Darubini ya eksirei ya Chandra, iliyorushwa mwaka 1999, imepiga picha mabaki ya nyota aliyoiona Tycho Brahe Novemba 1572. Ukingoni kabisa mwa picha hiyo kuna nyuzi nyembamba za eksirei zinazofuata mzingo wa wimbi. Eksirei hizo hutolewa na elektroni zenye nishati kubwa mno zikizunguka katika uga wa sumaku. Wembamba wa nyuzi unasema kwamba elektroni hupoteza nishati mara tu zinapoondoka kwenye wimbi, na ili zipoteze upesi kiasi hicho uga lazima uwe wa mikrogausi mamia, si 3.

Mchangiaji wa tatu

Naomba niongeze la upande wetu, kwa kuwa eksirei zimetajwa. Setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza anga kwa eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru. Ndiyo maana ikaitwa Uhuru. Miongoni mwa vyanzo ilivyoviorodhesha yamo mabaki ya supanova. Novemba 1972 ikarushwa SAS-2 kutoka hapohapo, nayo ikauchora ukanda wa galaksi yetu kwa mionzi ya gama, ambayo kwa sehemu kubwa hutokana na miale ya kosmiki ikigonga gesi. Wavuvi wa Ungwana waliona roketi zile zikipaa, na watoto wetu wanastahili kuelezwa zilikwenda kutafuta nini.

Swali langu kwa mleta uzi ni hili: ushahidi wa Chandra ni wa elektroni. Miale ya kosmiki karibu yote ni protoni na viini. Tunajuaje kwamba protoni nazo zinaharakishwa mle?

Mleta uzi

Asante sana kwa kumbukumbu ya Malindi; ni historia yetu na inahusika moja kwa moja. Ni kweli pia kwamba elektroni ni rahisi kuzikamata kwa sababu hung'aa. Mwaka 1995 Katsuji Koyama na wenzake, wakitumia setilaiti ya Japani iitwayo ASCA, walionyesha elektroni za takriban elektronivolti 10¹⁴ katika mabaki ya nyota ya mwaka 1006, ile ambayo Ali ibn Ridwan aliiandikia habari zake kule Misri. Protoni hazing'ai namna hiyo. Alama yake inapatikana kwa njia nyingine: protoni yenye nishati ikigonga gesi huzaa chembe iitwayo pioni, na pioni isiyo na chaji huoza papo hapo na kuwa miale miwili ya gama. Uzito wa pioni ni maalumu, kwa hiyo mgawanyo wa gama hizo hushuka ghafla chini ya elektronivolti milioni 200 hivi, na elektroni haziwezi kuuiga mporomoko huo kwa urahisi. Februari 2013 watafiti wa setilaiti ya Fermi walitangaza kwamba wameuona katika mabaki mawili, IC 443 na W44. Hapo ndipo ilipothibitika kwamba protoni zinaharakishwa penye mawimbi haya.

Bara letu limechangia pia. Darubini za H.E.S.S. katika nyanda za juu za Khomas nchini Namibia, zilizopewa jina kwa heshima ya Victor Hess, zilitoa mwaka 2004 picha ya kwanza ya gama kali inayoonyesha umbo la ganda la mabaki ya supanova, yale ya RX J1713.7−3946. Kabla ya hapo tulikisia gama zinatokea wapi. Baada ya hapo tuliona ganda lenyewe likiwaka.

Hata hivyo lazima tuseme wazi mpaka wa ushahidi. IC 443 na W44 ni mabaki makongwe, na protoni zake hazifiki popote karibu na goti. Cassiopeia A ni mabaki machanga yenye wimbi kali, lakini mwaka 2017 darubini za MAGIC huko La Palma zilikuta gama zake zikikatika kwenye elektronivolti trilioni 3.5 hivi, dalili kwamba protoni zake kwa sasa huishia karibu na 10¹³. Mwaka 2021 kituo cha LHAASO, kilichoko mita 4,410 juu ya usawa wa bahari mkoani Sichuan, China, kilitangaza vyanzo 12 vya gama zinazozidi elektronivolti 10¹⁴, mmojawapo wa miale hiyo ukifikia 1.4×10¹⁵, na vingi kati ya vyanzo hivyo havilingani waziwazi na mabaki ya supanova. Msimamo wangu ni kwamba namna ya uharakishaji imethibitika, ila madai kwamba mabaki ya supanova pekee ndiyo yanayofikisha chembe hadi kwenye goti bado hayajathibitika, na tusiyachanganye mambo hayo mawili. Inawezekana kilele hufikiwa katika miongo michache ya mwanzo tu ya mlipuko, au penye makundi ya nyota kubwa ambako pepo zake hupigana.

Kuna tofauti nyingine pia. Nadharia iliyorahisishwa inatoa kipeo cha 2, vipimo vya duniani vinatoa 2.7. Sehemu ya tofauti inaeleweka: chembe zenye nishati zaidi hutoroka upesi kutoka katika galaksi, na kipimo cha boroni kwa kaboni kilichofanywa na kifaa cha AMS-02 kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga kinalithibitisha hilo. Ukiitoa sehemu hiyo bado unabaki na 2.3 au 2.4. Mawimbi halisi hayafuati hesabu ya darasani kikamilifu.

Mchangiaji wa kwanza

Je, kuna wimbi lolote ambalo chombo cha binadamu kimelipita na kulipima papo hapo, badala ya kulitazama kwa mbali?

Mleta uzi

Yapo mengi, Mwalimu. Upepo wa jua huunda wimbi la mshtuko mbele ya Dunia, na vyombo hulivuka mara kwa mara. Februari 2007 chombo cha Cassini kilivuka wimbi la namna hiyo mbele ya Zohali wakati lilipokuwa kali isivyo kawaida, kikakuta elektroni zimefikishwa karibu na kasi ya mwanga. Voyager 1 ililivuka wimbi la ukingoni mwa upepo wa jua Desemba 2004, umbali wa mara 94 ya ule wa Dunia hadi jua. Pale ilitarajiwa kukuta wingi wa chembe za aina fulani ukiwa kileleni, lakini haukuwa. Uliendelea kupanda baada ya kuvuka. Maelezo mojawapo ni kwamba wimbi lile si duara kamili, na chembe hukuzwa zaidi pembeni mwake kuliko pale Voyager ilipopita.

Mchangiaji wa pili

La mwisho kutoka kwangu. Ile chembe maarufu yenye nishati kubwa mno, iliyonaswa Utah, Marekani, mwaka 1991, nayo ilitoka katika supanova?

Mleta uzi

Hapana. Chembe hiyo, iliyonaswa na kituo cha Fly's Eye tarehe 15 Oktoba 1991, ilikuwa na elektronivolti 3.2×10²⁰, sawa na jouli 51 hivi katika kiini kimoja cha atomu. Kama ilikuwa protoni, katika mikrogausi 3 duara lake lina nusu-kipenyo cha miaka ya nuru zaidi ya 300,000, mara kadhaa ya upana wa galaksi yetu, kwa hiyo hakuna wimbi la supanova linaloweza kuishika. Wanaotafuta chanzo wanaangalia mawimbi makubwa zaidi: yale ya mikondo inayotoka kwenye mashimo meusi katikati ya galaksi nyingine, na yale yanayotokea makundi ya galaksi yanapogongana. Mwaka 2017 kituo cha Pierre Auger huko Argentina, chenye eneo la kilomita za mraba 3,000, kilionyesha kwamba miale inayozidi elektronivolti 8×10¹⁸ huja kwa wingi zaidi kutoka upande mmoja wa anga, na upande huo uko mbali na kitovu cha galaksi yetu. Kwa hiyo chembe za ngazi hiyo zinatoka nje ya galaksi yetu, ingawa wimbi lililozikuza bado halijatambuliwa.